Kijitabu cha Herufi cha Wifi Yangu

Mimi ndiye niliyemwombea wifi yangu kazi. Nilikwenda kwa meneja wa kiwanda chetu cha uchapaji, kiwanda kidogo cha kanisa hapa Tukuyu, nikamwambia nina mdogo wa mume wangu, amemaliza kidato cha nne, hana mume, anakaa kwetu. Meneja alikuwa mchungaji kabla ya kukabidhiwa mitambo, naye aliniuliza kama huyo binti ni mcha Mungu. Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama ni mwepesi wa kujifunza. Nikasema ndiyo. Yote mawili yalikuwa kweli, na la pili ndilo lililokuja kunitesa.

Wifi akaajiriwa, na kazi yetu sisi wawili ilikuwa kupanga chapa kwa mkono. Herufi zilikuwa za madini ya risasi, kila moja imelala katika kichumba chake ndani ya droo, nasi tuliziokota moja moja na kuzipanga kwenye kibao cha chuma, kinyumenyume, mpaka mstari utimie. Mimi nilikuwa nimesimama mbele ya droo zile tangu sijaolewa. Nilizijua kwa vidole hata umeme ulipokatika. Nilijua pia umaskini wake. Zilinunuliwa Ulaya na watu waliozipima kwa lugha yao, kwa hiyo herufi za kwao zilitujaa, zetu zikatupungukia. Majina ya kwetu karibu yote yanaanza na Mwa. Ukipanga kadi ya harusi yenye kamati ndefu, M kubwa zinaisha kabla hujafika kwa mweka hazina, unabaki kumwomba Mungu wajumbe waliosalia wawe wageni wa kutoka Bukoba.

Mteja aliyetaka kuchagua herufi alisimama mbele ya bango lililotundikwa ukutani. Bango hilo lilikuwa na kila aina ya herufi tuliyokuwa nayo, kuanzia A mpaka Z, ndogo na kubwa, na tarakimu zake. Mteja aliinua kidole akasema, hii. Mtu wa Lufingo au Ikuti alipanda hadi mjini kwenye mvua yetu hii isiyo na adabu, aje aoneshe kidole tu, arudi, kisha apande tena kuchukua kazi.

Kabla ya miaka ya ruksa, serikali ilipoachia biashara huru, hakukuwa na shida, maana hakukuwa na pengine pa kwenda. Ruksa ilipokuja, maduka yakafunguliwa hata mahali tulipozoea kuona migomba tu. Pale Ibighi mfanyabiashara mmoja akaweka mashine ya fotokopi na taipureta ya umeme, na albamu ya kadi za harusi kutoka Dar es Salaam. Mteja alikalishwa kwenye kiti, akapewa albamu mapajani kama mgeni anayeoneshwa picha za familia. Wateja wetu wakaanza kupungua. Ndipo meneja akatuita.

“Wapendwa,” alisema, “sitawaficha. Msimu huu wa chai ukiisha, chumba cha kupangia kitabaki na mtu mmoja. Nimeomba juu ya jambo hili na bado sijapata jibu ni nani. Lakini kabla ya hapo nataka kijitabu. Kidogo, kiingie mfuko wa shati. Kioneshe herufi zetu. Tukipeleke kila usharika, mtu achague akiwa nyumbani kwake.”

Nilijua kijitabu hicho ni changu. Nani mwingine? Jioni ile nilikaa jikoni nikachora kurasa zangu kwa penseli. Nilitaka kila aina ya herufi iwe na nafasi yake, alfabeti nzima, kubwa na ndogo, saizi zote, tarakimu, alama za kuuliza na za mshangao. Nilitaka kiwe cha haki: mteja asiseme kesho kwamba tulimficha kitu. Kurasa zilikuwa nyingi, herufi zikabanana, lakini hakukosekana hata nukta.

Wifi alikuwa amekaa upande wa pili wa moto akimenya ndizi. Alinyoosha shingo akatazama.

“Wifi, nani atasoma hii?”

“Haisomwi. Inachaguliwa.”

“Mtu huchagua asichokisoma?” Akacheka, akatupa ganda kwenye ungo. “Mimi ningewaandikia harusi.”

“Harusi ya nani?”

“Ya yeyote. Ukurasa wa kwanza harusi, kwa ile herufi yenye mikia. Ukurasa wa pili ubatizo wa mtoto wao. Wa tatu baba mtu amefungua duka, tangazo la duka, herufi nene. Halafu babu anafariki, tangazo la msiba. Halafu shukrani. Kila ukurasa unaonesha herufi moja ikiwa kazini, na chini yake namba tu. Majina ya Kizungu ya herufi ya nini? Mtu aseme, nipe namba nne.”

Mume wangu alikuwa mlangoni akivua mabuti. Alicheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia siku nyingi. “Dada yangu huyu!” akasema. “Yaani nisome mpaka nijue kama duka lilifilisika!”

Mungu wangu anajua jinsi kicheko kile kilivyoniingia. Mume wangu aliniona nikichora jioni nzima asiulize ninachora nini.

Meneja alitazama karatasi zangu kwa heshima. Alizigeuza zote, akasema, “Mama, umefanya kazi kubwa.” Kisha akachukua karatasi moja ya wifi, maana alikuwa na karatasi moja tu, aliyoikunja mara kadhaa ikawa kijitabu bila uzi wala pini. Akaisoma. Alipofika kwenye msiba akatikisa kichwa kwa huzuni, kana kwamba aliyekufa alikuwa wa usharika wake. Nikajua nimeshindwa.

Aliniagiza mimi nipange kurasa, wifi asimamie umbo. Nikawa naletewa maneno kwenye droo zangu na mtu niliyemfundisha mwenyewe kutofautisha b na d. Tulibishana mara mbili tu. Kwanza nilimwambia kila ukurasa uandikwe neno MFANO juu.

“Wifi, litaharibu,” alisema. “Mtu akitazama harusi aone harusi. Ukimwandikia MFANO unamwamsha usingizini.”

“Na akikosea?”

“Akikosea nini? Jalada limeandikwa Herufi Zetu.”

Mara ya pili ilikuwa jina la marehemu. Alikuwa ametunga jina zuri, lenye Mwa yake na kijiji chake, Ikuti. Nikamwambia, weka jina ambalo halipo.

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. “Wifi, katika Rungwe hii, jina ambalo halipo utalitoa wapi?”

Nilikwenda kwa meneja, nikamweleza yote mawili. Akasema tumwache binti, ana kipaji. Nikapanga. Na kwa kuwa sijui kupanga vibaya, ukurasa ule wa msiba niliupanga vizuri kuliko mwingine wowote. Herufi nene, nyeusi, nafasi pana juu na chini, mistari imekaa katikati kama watu walioketi kimya. Jina lenyewe siliandiki hapa, kwa sababu lina wenyewe hadi leo.

Kijitabu kilitoka, kikapelekwa kwenye sharika, na kikapendwa. Wateja walikuja wakisema, “Tunataka namba moja,” au, “Ile ya duka.” Mama mmoja mwalimu, mgeni aliyehamishiwa hapa kutoka Tabora, aliuliza kaunta kama yule mtoto wa ukurasa wa pili alibatizwa jina gani. Wote walimtafuta wifi. “Yuko wapi yule dada wa kijitabu?” Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, na risasi vidoleni. Meneja akamweka wifi awe anapokea wateja. Akaletewa kiti.

Nyumbani ilikuwa hivyo hivyo. Mume wangu alitembea na kijitabu mfukoni, akakionesha kilabuni, akakionesha kwenye chama cha wakulima wa chai. “Cha dada yangu,” alisema. Nilipomkumbusha kwamba kila herufi iliyomo ilipita mikononi mwangu, alisema, “Si mko pamoja?” Nilikuwa nasoma sala zangu asubuhi kama kawaida, na nilikuwa na ya kushukuru: afya, watoto, migomba, ndoa ya mtu asiyenipiga. Niliyataja yote kwa jina. Nikimaliza, wivu ulikuwa umekaa pale pale, haujasogea, kama mgeni aliyesubiri sala iishe ili aendelee na mazungumzo yake.

Kisha ikaja Jumapili ya Lufingo.

Kwetu tangazo la msiba likifika kwenye meza ya matangazo kanisani haliulizwi, linasomwa. Anayechelewesha msiba wa mtu ana kesi nzito kuliko anayechelewesha mahari. Na kijitabu cha wifi kilikuwa karatasi moja iliyokunjwa. Mtu akishaikunjua yote na kuikunja tena ovyo, ukurasa wowote unaweza kuja mbele. Huko Lufingo kilipita mikono mingi, na mtu wa mwisho akakikunja msiba ukiwa juu, jalada ndani, akakirudisha mezani. Mzee wa matangazo akakiona, akavaa miwani, akasimama. Akasoma kwamba familia inasikitika kutangaza kifo cha baba yao mpendwa, wa Ikuti. Akalitaja jina.

Jina lilikuwa na mtu. Tena mtu mwenye ndugu na wakwe Lufingo, anayejulikana. Mama zetu hawakungoja hata baraka ya mwisho iishe vizuri. Walikwenda majumbani, wakakata ndizi, wakabeba unga na kuni, wakashika njia ya Ikuti.

Habari ilitufikia Jumatatu asubuhi kupitia dereva wa lori la chai, aliyekuja akicheka mpaka akashika ukuta. Wifi hakucheka. Alikaa kwenye kile kiti chake, rangi imemtoka. Meneja aliingia ofisini akafunga mlango, tukamsikia akiomba kwa sauti.

Mchana wifi alinifuata kwenye droo. “Wifi, umekula?”

“Nimekula.”

“Mimi sijala. Wifi, watanifukuza. Na ulisema. Ulinikataza mara mbili.” Akaniegemea begani, akalia. “Niombee, wifi. Wewe Mungu anakusikia.”

Nikamwombea. Niliweka mkono juu ya kichwa chake, nikataja jina lake mbele za Mungu, nikaomba apate rehema. Maneno yalikuwa mazuri, na yalitoka yote. Lakini nilipokuwa nikiyasema nilisikia pia furaha, ndogo, yenye joto, kama jiwe lililotolewa jikoni. Nilidhani ni jibu. Nilidhani meneja sasa amepata jibu lake kuhusu nani abaki.

Siku iliyofuata mzee mwenyewe akaja. Marehemu. Mrefu, amevaa koti la mvua na kofia ya pama, ana fimbo, na nyuma yake wazee wengine wawili wa Ikuti walionyamaza kama mashahidi. Kijitabu alikishika mkononi.

Meneja alitoka mbio. “Mzee wetu, karibu, karibu sana, tunaomba utusamehe, kanisa zima…”

“Nyamaza kwanza, mchungaji,” mzee alisema. “Nani aliyeniua?”

Hata mtambo mkubwa ulisimamishwa. Nilimtazama wifi.

Alisimama. Alipiga magoti kidogo, kama tunavyofanya mbele ya wakubwa. “Ni mimi, tata,” alisema, akimwita baba kwa lugha yetu.

Mzee akamtazama. Kisha akavuta kile kiti, akaketi yeye.

“Mimi Jumapili nilikuwa nyuma, kwenye migomba, nakata majani ya ng'ombe,” alisema. “Nikasikia vilio nyumbani kwangu. Nikasema, mke wangu amekufa! Nikatupa panga, nikakimbia nalia. Nafika uani, wanawake wamejaa, wanalia, na mimi nalia. Nauliza, nani? Nani? Wananiona, wanapiga yowe, wanakimbia! Mmoja akaingia bandani kwa ng'ombe. Mke wangu anatoka ndani na mwiko, mzima kabisa, ananiuliza, wewe, kwani umekufa?”

Wale wazee wawili nyuma yake wakaanza kutikisika mabega.

“Sasa,” mzee aliendelea, “chakula cha msiba unakirudisha? Hakirudi. Wakakaa, wakapika. Tukala. Na walivyokuwa wamenililia njia nzima, ilibidi waniambie walichokuwa wanalilia. Huyu anasema nilimpa shina la mgomba mwaka wa njaa. Huyu anasema nilimtetea kwa mkwewe. Mimi mwenyewe nimesahau! Binti yangu, nina shemeji ambaye hatujasalimiana tangu mambo ya mpaka wa shamba. Alikuja na mkungu begani, analia kuliko wote.” Alipoendelea, sauti yake ilikuwa imebadilika. “Basi. Katika kijitabu chako baada ya msiba kuna shukrani. Nataka ile. Kadi za kuwapa wote waliokuja. Namba ile ile.”

“Namba tano, tata,” wifi alisema, machozi yakimtoka.

“Na huu ukurasa wa kufa kwangu,” alisema akiufungua na kuuangalia kwa mbali, “ni mzuri. Umetulia. Mtu unakubali kabisa kwamba amekufa.”

Hapo wifi akafanya jambo ambalo mpaka leo sijui nilipokee vipi. Alinigeukia akanionesha kwa mkono. “Mikono ni ya huyu wifi yangu, tata. Mimi nilisema maneno tu. Ukurasa ameupanga yeye.”

Mzee alinitazama. Nilifuta vidole kwenye kitambaa, nikapiga goti.

“Ndaga fijo, mama,” akanishukuru. Kisha akamrudia wifi. “Lakini mikono ni mikono. Aliyesema mimi nife ni nani? Ni wewe.”

Wote wakacheka, meneja kuliko wote, kwa kuona amenusurika. Nami nilicheka.

Baada ya hapo kazi ziliongezeka kwa namna ambayo hata lile duka la Ibighi lilisikia. Watu walitaka kuchapiwa na kile kiwanda kilichomfanya mtu ahudhurie msiba wake. Meneja akaagiza kijitabu kichapwe upya, na juu ya kila ukurasa liwekwe neno MFANO. Alilisema kama wazo lililomjia wakati wa sala. Mimi nikalipanga.

Chai ilipopungua mabondeni, meneja aliniita ofisini peke yangu. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimeomba nipewe moyo wa kusikia kwamba wifi ni bora kuliko mimi, na nilidhani nimepewa.

“Mama,” alisema, “umetumika kwa uaminifu. Katika kupanga, hakuna wa kukulinganisha hapa, na yeye mwenyewe anajua. Lakini wewe una mume. Una shamba. Yule binti hana mtu. Nikimwondoa yeye, atakwenda wapi?”

“Atakaa kwangu,” nilisema. “Anakaa kwangu sasa.”

“Basi unaona,” meneja alisema kwa upole, kana kwamba mimi ndiye niliyemaliza hoja yake.

Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Kama ningeshindwa na kipaji ningevumilia, ningekwenda kwa Mungu nikamwuliza kwa nini alimpa yeye. Lakini nilishindwa kwa sababu ya kuolewa. Nilimshukuru meneja. Tuliomba pamoja. Nikaaga mitambo na watu wake, nikaenda nyumbani, na mume wangu alisema Bwana ametoa njia, sasa migomba itapata mtu.

Ilipata mtu kweli, na nimeishi vizuri. Watoto walisoma kwa migomba na chai ile. Nimekuwa mzee wa kanisa, nimefundisha wanawake Neno kwa miaka mingi, na nikiulizwa nimshukuru Mungu kwa lipi sipungukiwi. Wifi naye tunasali pamoja mpaka leo. Lakini kadi yoyote ya harusi inayofika mkononi mwangu, kabla sijaangalia anaoa nani, natazama nafasi kati ya maneno. Zikiwa hazikukaa sawa, moyo wangu unatulia.

Asubuhi ya kwanza baada ya kuachishwa niliamka saa ile ile niliyozoea. Mvua ilikuwa inanyesha. Nikawasha moto, nikachemsha chai, nikammiminia wifi kikombe, maana yeye ndiye aliyekuwa na safari. Alikunywa amesimama, hakuthubutu kuketi.

“Wifi,” alisema, “leo kuna ile kazi ya kwaya. Mistari mirefu. Nianze na ipi?”

Nikamwambia aanze na beti fupi, ajue M zimebaki ngapi. Akashukuru. Akachukua mwamvuli, akafika mlangoni, akageuka.

“Aproni yako imebaki msumarini kule. Nikuletee jioni?”

“Iache,” nilimwambia. “Ikae hapo hapo.”

“Haya, wifi.”

Akaufungua mwamvuli, akateremka njia ya mjini.